Fimbo ya Magloire Haikuvunjwa

Dada yangu Pascaline anakaa Nyangwe, karibu na Lualaba. Siku hiyo nilitoka Kasongo kwa pikipiki kumpelekea sabuni na habari za mjini, nikamkuta mume wake Magloire mlangoni, anaipaka nta ya mshumaa fimbo yake ya kuvulia samaki.

Ilikuwa ya babu yake, aliyeachiwa na Mbelgiji mmoja zamani. Kwa mbali ni mwanzi tu. Ukiisogelea unaona vipasuo sita vya mwanzi vimegandishwa kwa gundi ubavu kwa ubavu, hata fimbo ina pembe sita, na nyuzi za hariri zimezungushwa juu yake. Haikuwa nzima kama fimbo za wengine. Ilikuwa vipande vitatu vinavyoingiliana kwa pete za shaba, na kabla ya kuviunga Magloire alikuwa anasugua shaba pembeni mwa pua yake, ipate mafuta kidogo.

Nikamcheka. "Shemeji, hii fimbo unaipakaa mafuta kuliko bibi yako, dada yangu!"

"Bibi akikasirika, anapoa," akasema. "Hii gundi yake ikiachia, ni basi."

Wiki hiyohiyo mtumbwi wake ulipinduka akazama, tukamzika.

Kwetu mvuvi akizikwa, mjane wake anakivunja chombo chake cha kazi juu ya kaburi, marehemu ajue kazi imeisha, apumzike. Pascaline aliinama pale peke yake, analia mpaka sauti ikamkauka. Alipoondoka, Tanti Dieudonnée, dada wa Magloire, aliona vipande vitatu juu ya udongo mwekundu.

"Imevunjika," akasema. "Alale sasa."

Hakuna mwingine aliyewahi kuishika fimbo ile. Tulihesabu vipande, tukaridhika; hata mimi, niliyemwona akiiunga, katika kilio sikulikumbuka hilo.

Nilibaki kumsaidia dada yangu. Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta kambale kizingitini, bado anapumua, mdomo umetobolewa na ndoano. Nikasema majirani wametuhurumia. Kesho yake akawapo mwingine. Nilipompasua, koo lake lilijaa udongo mwekundu.

Pascaline alimwosha, akapika, akala. Alikuwa anatabasamu. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akitabasamu.

"Yaya Pascaline, nani analeta hii samaki?"

"Kula tu, mudogo wangu," akanong'ona. "Usiulize."

Samaki hawakukoma. Kisha, mchana kweupe, nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani, na mtoto wao Sarah-Grâce, ambaye ndiyo kwanza amejifunza kutembea, akapita mbele yangu anacheka. Gauni lake lilikuwa limevutika kwa mbele. Hapakuwa na upepo. Ndoano ilikuwa imenasa pindo, na uzi mwembamba ulikaza kuelekea makaburini.

Uzi ukavuta. Mtoto akaenda.

"Papa," akasema.

Pascaline alitoka ndani mbio, akaurukia uzi ule akaukata kwa meno. Akamkumbatia mtoto, akaanguka chini naye, midomo inavuja damu.

"Sikuivunjaka," akaniambia. "Niliikomoa tu, nikatenganisha vipande, vile yeye alikuwa anaikomoa. Ile fimbo njo ilikuwa mikono yake. Ningevunja mikono yake namna gani?"

Nilitaka kumgombeza. Sikuweza. Mimi pia nilimpenda shemeji yangu.

Tulimwacha mtoto kwa jirani, tukaenda. Jua lilikuwa bado juu. Fimbo ilisimama wima kaburini, imeungwa, inachuruzika maji. Pete za shaba ziling'aa mafuta mapya.

Dada yangu aliikamata kwa mikono miwili, akaikunja gotini. Mwanzi wa namna ile haukatiki mara moja. Ulipasuka ufito mmoja kati ya zile sita. Akalia. Ukapasuka mwingine.

"Mama Sarah."

Sauti ilikuwa karibu sana. Ya mtu aliyechoka na kazi.

"Mama Sarah, nimekosa nini?"

Nikashika sketi ya dada yangu kama mtoto. Yeye hakuacha. Machozi yalidondokea mikono yake, na mikono ilizidi kukunja.

"Hauna kosa, baba," akanong'ona. "Kazi ilishaisha. Ilishaisha."

Ufito wa mwisho ukakatika.

Asubuhi hapakuwa na samaki. Nikamshukuru Mungu, na Sarah-Grâce akacheza uani salama. Lakini Pascaline alitoka chumbani analiburuta godoro lake kulianika juani, hanitazami usoni. Tangu siku hiyo analianika kila siku. Jioni linakauka. Asubuhi limelowa tena.

Tulimwambia kazi imeisha. Na mwanaume kazi ikiisha, si anarudi kwake?

Mimi nililiona godoro kabla halijakauka. Maji yamechora umbo la mtu mzima aliyelala kwa ubavu, kando ya mahali anapolala dada yangu. Amempa mgongo.