Kipaza Anyamaza

Kila jioni baada ya shule, Kipaza alisimama mbele ya genge la mama yake akinadi nyanya na vitunguu. Jina hilo alipewa na wauza samaki wa upande wa pili wa soko, waliodai kumsikia hata wakiziba masikio. Wateja walikuja wakicheka, na nyanya zikaisha.

Basi sauti ikampwea. Wiki zikapita, ikabaki inakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Kipaza hakusema kitu, maana ndiye aliyechaguliwa kuongoza ngonjera siku ya wazazi, na aliogopa nafasi isije ikaenda kwa mwingine. Darasani alinong'ona, akidhani anaipumzisha. Jioni akajikaza na kunadi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya mazoezi alifungua kinywa, ukatoka upepo mtupu.

Mama yake akampeleka hospitali. Daktari wa koo, mama wa makamo, alimpitishia puani mpira mwembamba wenye kamera, akamwambia atazame kioo cha kompyuta.

Kipaza alisahau hata kuogopa. Ndani ya koo lake mlikuwa na mikunjo miwili midogo, myekundu, iliyovimba, ikifunguka kila alipovuta pumzi.

"Sauti yangu yote inatoka hapo?" akanong'ona.

"Hapo hapo, mwanangu. Na usinong'one, unaiumiza vilevile. Inataka kimya."

Kipaza alipigwa na butwaa. Vitu vidogo kuliko kucha vilijaza soko zima, naye akavitumikisha kama punda. Machozi yakamtoka.

Mwalimu alipoelezwa, alisema nafasi itamngoja. Kipaza akawa anakunywa maji na kunyamaza. Gengeni akagonga kifuniko cha sufuria, mpaka wauza samaki wakaja kuuliza kuna msiba gani.

Siku ya wazazi ilipofika, sauti ilikuwa imerudi. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, na ukumbi mzima ukatulia kumsikiliza, wauza samaki wakiwa wamekaa mbele kabisa.

Njiani mama yake alimshika bega. "Mwili ukichoka, useme mapema, mwanangu. Nafasi ilikungoja, koo lisingengoja."

Kipaza alitaka kujibu kwa sauti yake ya gengeni. Akajigusa koo, akajibu polepole, "Ndiyo, mama."