Barua Iliyosahihishwa

Siku ile kibanda cha kutoa kopi pale Ukunda kilijaa watu mpaka mlangoni. Alfani, mwalimu wa Kiingereza, alikwenda kuchapisha mtihani. Mbele yake kwenye foleni alisimama binti wa buibui jeusi na mtandio wa zambarau, ananukia udi. Macho hayana pazia. Yakatua kwenye karatasi aliyoishika.

"Samahani dada. Umeandika unasafisha 'furnitures'. Ondoa hiyo 's'. Hiyo haihesabiki."

Binti akageuka. "Viti navifuta mimi, kaka, kila asubuhi. Kumi na viwili. Vipi havihesabiki?"

Foleni nzima ikacheka. Alfani naye akacheka, na hapo ndipo alipokwisha.

Jina lake Twaiba. Alikuwa akifanya kazi hoteli moja ya Diani, na baada ya miezi miwili angesailiwa kwa Kiingereza apate kazi Muscat. Kila Jumamosi akawa anakuja kusoma barazani kwa shangazi yake Alfani, Kinondo. Shangazi aliketi papo hapo akichambua mchele, kwa ajili ya heshima.

"Mchele?" Alfani aliuliza.

"'Rice'. Hautiwi 'a'."

"Ushauri?"

"'Advice'. Nao hautiwi. Na mapenzi, mwalimu?"

"Hayahesabiki."

"Basi wenye wake wanne wanahesabu nini?"

Shangazi akacheka hata ungo ukamponyoka.

Alfani alimpenda, na hakujua aanzie wapi kusema. Kila somo lilimsogeza Twaiba karibu na Muscat. Kumfunza vibaya roho haikumtuma. Kumfunza vizuri ni kumsindikiza. Akabaki hivyo hivyo, hana la kufanya.

Wiki ya sita akampa zoezi: barua kwa mtu ampendaye, yenye majina ya kuhesabika na yasiyohesabika. Twaiba akaleta ukurasa mzima, wala hakutaja jina la huyo ampendaye. Alfani akausoma, wivu ukamshika. Nani huyu? Akashika kalamu nyekundu, akaifyeka ile barua bila huruma. Makosa kumi na moja. Chini akaandika: tisa kati ya ishirini, zingatia 'a' na 'the'. Akamrudishia.

Jumamosi iliyofuata Twaiba hakuja, wala ile nyingine. Simu hakupokea. Mwishowe akapiga mwenyewe.

"Nimefaulu, mwalimu. Nasafiri Jumatano."

"Hongera. Mbona ulinihama?"



"Ile barua, Alfani." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Ilikuwa yako."

Alfani akaketi chini sakafuni.

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanamke aambie vipi tena? Nimekuandikia, ukanipa tisa."

"Nilidhani ni ya mtu mwingine! Twaiba, mpenzi wangu, usiende. Kesho naleta wazee kwa baba yako."

"Nimeshatia sahihi miaka miwili. Pasipoti wanayo mawakala." Alikuwa akilia. "Ungesema mwezi uliopita tu, wallahi nisingekwenda."

"Basi nisomee. Nisomee ile barua, tafadhali."

"Nimeichana."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, ilikuwa imezimwa. Alfani akafumba macho, akaitafuta barua ile kichwani. Makosa yalimjia yote kumi na moja, mstari kwa mstari. Aliyoambiwa humo hakukumbuka hata neno moja.