Mgeni Aliyekuja na Kopou

Mtu alikohoa mlangoni, kikohozi cha adabu, cha mgeni anayengoja kukaribishwa. Rupohi alikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa mchele wa mikate ya sikukuu ya Bihu. "Karibu, keti, nakuja!" Akatenga tambuu na popoo kwenye sahani ya shaba, akaiweka barazani, akarudi kunawa. Alipotoka hapakuwa na mtu. Tambuu ilikuwa imeliwa, na mate mekundu yalichuruzika kwenye shina la mfenesi, chini ya kopou.

Kopou hiyo mumewe, Tilok, aliileta juzi kutoka msituni. Ni ua la vishada vyeupe vyenye madoa ya zambarau, linaloning'inia kama mkia wa mbweha, na wasichana hulichomeka nywelini wakicheza Bihu. Wenzake hukata kishada wakaenda zao. Tilok aling'oa mmea mzima kwenye mti mkubwa wa bondeni, ule ambao hata wakata kuni huupitia mbali, akaufunga kwa kamba ya usumba kwenye mfenesi wa uani, ili binti yao Pokhila, wa miaka tisa, apate ua lake kila mwaka. Mapenzi ya baba, utamlaumuje?

Tangu siku ile Pokhila alisusa chakula. Alishinda juani amelikumbatia shina la mfenesi, akinuka samaki mbichi, na kila walipombandua, ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye gome. Siku ya nne hakuweza kunyanyuka kitandani.

"Baba Pokhila, mtoto anatutoka," Rupohi alinong'ona.

"Usitamke hivyo. Mganga yuko njiani."

Mzee Bhodro, mganga wa kijiji, alilinusa ua mara moja tu, akarudi nyuma.

"Kuna jini jike hapa. Mama, ulimpa tambuu?"

"Nilidhani ni jirani, babu."

"Akala?"

"Alikula."

Mzee akajishika kichwa. "Basi huyo ni mgeni wako. Aliyekula tambuu ya nyumba hafukuzwi kwa dua. Ua hili lirudisheni kwenye mti wake, leo hii, kabla halijashika."

Tilok akachukua kisu. Kamba ilikatika upesi, lakini mizizi, minene na ya kijivu, ambayo huchukua miezi kushika, ilikuwa imekwisha kuzama ndani ya gome. Akakata mmoja, na chumbani Pokhila akapiga yowe. Akakata wa pili, yowe jingine, na Rupohi, aliyekuwa amekimbilia kitandani, akaona damu ikitoka chini ya ukucha wa mtoto, kisha chini ya ukucha wa pili, na kule nje mumewe, meno ameyauma, asiyejua anachokata, amekwisha kuinua kisu juu ya mzizi wa tatu.

"Acha! Acha, unamuua!"

Kisu kikaanguka. Mzee Bhodro akabeba mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Pokhila akafumbua macho. Akaomba wali, akala sahani mbili, na Rupohi akalia kwa furaha huku akimpangusa mdomo. Mtoto akamshika mkono taratibu.

"Ma, mwambie baba asikate tena," alisema. "Sote wawili tunaumia."