Mashine Iliyojibu Karibu

“Mie sijaigusa mashine yako, kaka! Ningeigusa ningesema.”

“Kwa hiyo imejigusa yenyewe?” Albano aliitikisa karatasi mbele ya uso wa mdogo wake. “Saa sita naondoka, karatasi nyeupe. Saa saba narudi, imeandikwa. Ufunguo wa chumba alikuwa nao nani?”

“Mimi.”

“Haya, basi nimenyamaza.”

“Usinyamaze! Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na mie nilikuwa pale getini nakula wali maharage. Muulize Mzee Fakihi. Alinicheka nilipotafuna jiwe.”

Albano aliitandaza karatasi mezani. Ilikuwa na maneno machache, yamerudiwa mara tatu:

HODI
KARIBU TEMEKE

Mwaka huo wa 1973, shirika lao lilikuwa na mashine kubwa ya hesabu kule mjini, iliyojaza chumba kizima na kukumbuka magunia ya unga ya kila bohari. Albano, ambaye alikuwa hajamaliza mwaka tangu arudi masomoni Ulaya, ndiye aliyevuta waya kutoka kwenye mashine hiyo hadi bohari la Temeke na kuufunga kwenye teleprinta, taipu ya umeme inayotuma na kupokea maandishi kwa waya. Waya ule haukuwa wa kuulizia magunia tu. Ulikuwa wa kuiongoza mashine kubwa kutoka mbali. Ikizubaa, ikigoma, hata ikikataa kumsikia mtu aliyesimama mbele yake, mpiga chapa wa Temeke angeweza kuiamuru izime na iamke tena.

“Ni kama mlango wa uani,” Albano alipenda kuwaambia wageni. “Wa mbele ukikataa, sie tunapita uani.”

Mpiga chapa mwenyewe alikuwa Sesilia, huyo mdogo wake, binti wa miaka kumi na saba. Baba yao alifariki Songea yeye akiwa kidato cha pili, na shule ikaishia hapo. Kaka yake alimleta Dar es Salaam, akampa kitanda, yeye akalala kwenye mkeka, akamfundisha kupiga chapa kwa vidole kumi. Sesilia hakuwa na mtu mwingine duniani, na alilijua hilo kila asubuhi alipomwona kaka yake akikunja mkeka.

Ndani ya teleprinta kulikuwa na kijipipa cha chuma chenye safu za meno madogo. Mtu wa upande wa pili akibonyeza kitufe cha kuuliza “nani wewe?”, kijipipa kilizunguka na mashine ikajibu yenyewe, hata kama chumbani hamna mtu. Jibu hilo liliandikwa kwa kuvunja meno kwa koleo, na jino likishavunjwa haliwezi kurudishwa. Maagizo ya ofisi yalisema kijipipa kitaje jina la bohari, basi. Lakini siku Albano alipokuwa anavunja, Sesilia alimshikia taa akasema, “Kaka, kwetu mtu akibisha unamtajia jina la nyumba? Si bora iseme karibu?”

Albano alicheka, akalipenda wazo hilo. Mashine ya taifa huru, alisema, lazima iwe na adabu ya Kiswahili.

Sasa Mzee Fakihi, mtunza bohari, alikuwa amesimama kizingitini, amevutwa na ugomvi wao. Aliisoma ile karatasi kwa kuisogeza mbali na macho.

“Shikamoo, Mzee,” Sesilia alisema. “Mwambie kaka nilikuwa wapi.”

“Marahaba. Alikuwa getini anatafuna mawe,” mzee alisema, lakini hakucheka. “Huyu aliyepiga hodi ni nani?”

“Ni Adelard, mwendeshaji wa mashine kubwa kule mjini,” Albano alijibu. “Anapenda utani yule.”

“Limetokea jina lake hapa?”

“Hapana.”

“Na nyie mkamwambia karibu.”

“Si sisi, Mzee. Ni chuma kile.”

“Chuma kimesema kwa niaba ya nani?” Mzee Fakihi aliirudisha karatasi mezani taratibu. “Sisi watu wa pwani, mtu akibisha wakati wa jua la utosini na humwoni, humjibu mpaka ajitaje. Akikaa kimya, unaendelea na chakula chako. Nyie mmeweka kitu kinachomkaribisha kila anayepita, nacho hakina macho.”

“Mzee wangu, hiyo ni sumaku na umeme tu.”

“Haya, msomi. Mie nahesabu magunia.”

Albano alipiga simu mjini. Sauti ya Adelard ilisikika mpaka alipokaa Sesilia: “Bwana wee, saa sita mie nilikuwa nimezima kila kitu. Mashine ilikuwa imelala fofofo. Nani akubishie hodi kwenye jua lile?”

Kesho yake, Jumanne, wenzake walipotoka kwenda kula, Sesilia alibaki chumbani. Alitaka ushahidi. Alikaa mbele ya teleprinta, mikono mapajani ili asije akasingiziwa tena.

Nje, wapagazi walinyamaza. Mabati ya paa yalikuwa yakipasukapasuka kwa joto. Kisha harufu ikaja, si ya unga wala ya mafuta ya mashine, bali ya udi uliochanganyika na nywele zilizoungua, na kabla hajajua inatoka wapi, vyuma ndani ya teleprinta vikaanza kutetemeka, kidogo kidogo, kama meno ya mtu mwenye homa.

HODI, mashine iliandika.

Kijipipa kikazunguka. KARIBU TEMEKE.

HODI.

KARIBU TEMEKE.

Sesilia alitaka kunyoosha mkono aizime, akaukuta mkono hauendi, umelala pajani kama wa mtu mwingine, na akabaki anatazama karatasi ikipanda mstari baada ya mstari, hodi na karibu, hodi na karibu, mpaka mara ya saba ambapo hodi haikuja tena, ila neno moja lililoandikwa polepole, herufi kwa herufi, kama linaandikwa na kiumbe kinachojifunza vidole vyake.

NIMEINGIA.

Alipopata nguvu alikimbia nje bila viatu. Albano aliisoma karatasi, akakuna kichwa, akasema tena ni Adelard. Lakini safari hii alisema kwa sauti ya chini, na hakupiga simu.

Jumatano asubuhi, simu ilipigwa kutoka mjini. Albano alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa.

“Adelard amekutwa mbele ya mashine kubwa,” alimwambia mdogo wake. “Yu hai. Macho wazi. Hasemi. Vidole vyake vinapiga chapa juu ya meza tupu, wamemfunga mikono kwa kanga bado vinapiga.”

“Na karatasi? Karatasi yake inasemaje?”

“Imeuliza swali moja tu. Nani aliyenikaribisha. Naye akajibu kama tunavyojibu siku zote, Adelard hapa.” Albano aliukwepa uso wa mdogo wake. “Chini yake imeandikwa, si wewe. Si wewe, si wewe, ukurasa mzima.”

Sesilia alipeleka mkono shingoni akaishika rozari yake. Alielewa kabla kaka yake hajaelewa. Kile kitu kilikuwa kinamtafuta mwenyeji wake. Kilikuwa kimekwenda upande wa mjini kikamkosa, na waya ulikuwa na pande mbili tu.

“Kaka, twende nyumbani. Leo leo. Tuache kazi.”

“Nikimbie waya nilioufunga mwenyewe?”

“Ndiyo, ukimbie! Nani atakucheka?”

Albano alichukua bisibisi, akafungua waya wa simu ukutani akauviringisha. Akachomoa plagi ya umeme, akaiweka juu ya meza mbele yao wote, pini zake tatu za shaba zikiwa wazi. “Tazama. Imekufa. Hapa hapiti hata mdudu.”

Mzee Fakihi aliitwa. Alikuja na chupa ya maji ya chumvi na kitambaa cheupe, akasema kijipipa kitolewe, maana mlango haufungwi kwa kuondoa barabara. Albano alikuwa anainamia skrubu ya kwanza, jua likiwa limesimama juu ya paa, pale harufu ilipoingia.

Mashine iliyokuwa imechomolewa ikaanza kutetemeka.

NANI ALIYENIKARIBISHA

“Usijibu,” mzee alinong’ona. “Mwanangu, usitaje jina. Mgeni hula kwa aliyemkaribisha.”

Mzee alianza kusoma Ayatul Kursi, na mashine ikarudia swali lake, kwa kasi zaidi, karatasi ikijikunja na kumwagika sakafuni, na Sesilia akaona bisibisi ikimdondoka kaka yake, akamwona anajinyoosha kama mtu anayeamshwa usingizini na mtu anayempenda, macho yamemtoka, mkono wake wa kulia ukinyanyuka na kuelekea kwenye vitufe, kidole kimoja mbele, polepole, kuelekea kwenye herufi ya kwanza ya jina lake.

“Kaka!”

Hakusikia. Kidole kiligusa A.

Sesilia alimpiga kumbo kwa bega lake lote. Albano alianguka juu ya viti. Binti yule alijua kwamba uongo haukufaa, maana Adelard alijitaja na akakataliwa. Lakini yeye hakuhitaji uongo. Koleo lilikuwa la kaka yake, ila neno lilikuwa lake. Aliiweka mikono juu ya mashine iliyokufa, vidole kumi kama alivyofundishwa, akaandika:

NI MIMI. SESILIA NDIYE ALIYESEMA KARIBU.

Mashine ilinyamaza. Hata mabati yalinyamaza. Kisha:

NDIYE WEWE. AHSANTE. NITAKUJA KULA KWAKO.

Harufu ikaondoka kwa mkupuo, kama mlango umefunguliwa mahali fulani.

Albano aliketi sakafuni akilia bila kujua kwa nini. “Umefanya nini, Sese? Umefanya nini?”

“Nimejibu swali.”

“Wewe mtoto una wazimu!”

“Na wewe fundi una kiburi. Nyanyuka.”

Mzee Fakihi hakuwapa nafasi ya kuendelea. Kijipipa kilitolewa, kikaoshwa kwa maji ya chumvi, kikafungwa kwenye kitambaa cheupe. “Albano, kipeleke Mtoni, ukakitupe kwenye maji yanayoelekea baharini. Uende kwa miguu, usizungumze na mtu, usigeuke nyuma. Na wewe, mwanangu, nenda nyumbani ufunge mlango. Yeyote akibisha, usiseme karibu mpaka ajitaje. Hodi bila jina, isikie ipite.”

“Akijitaja?”

“Kitu kile hakina jina la kutaja. Ndiyo maana kinatafuta majina ya watu.”

Sesilia alirudi kwenye chumba chao cha kupanga, akafunga kwa komeo. Alisali rozari nzima mara mbili. Jua lilipoanza kushuka aliwasha koroboi, akabandika sufuria kwenye jiko la mkaa, akasonga ugali wa watu wawili na kupika dagaa, kwa sababu kaka yake angerudi na njaa, na kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Aligeuka kuchukua chumvi. Alipogeuka tena, Albano alikuwa ameketi kwenye mkeka.

“Mama yangu! Umenishtua. Umeingia saa ngapi?”

Alitabasamu kwa uchovu. Vumbi lilikuwa limemjaa miguuni.

“Umekitupa?”

Akaitikia kwa kichwa. Sesilia alikumbuka kwamba mzee alimkataza kuzungumza na mtu, akaona amelishika agizo mpaka mwisho, na machozi ya shukrani yakamtoka. Akapakua. Kaka yake alikula kwa bidii, akimega matonge ya moto kutoka sufuriani bila kuyapuliza, moja baada ya jingine, mpaka sehemu yake ikaisha na akaanza ya Sesilia, naye akamwachia, akimtazama kwa huruma kwenye mwanga mdogo wa koroboi, akiwaza jinsi alivyochoka, jinsi alivyotembea, na jinsi vidole vya mkono wake wa kushoto, usiokula, vilivyokuwa vinagongagonga ukingo wa mkeka kwa haraka, vyote vitano, kama mtu anayepiga chapa.

Ndipo alipotazama mlango. Komeo lilikuwa bado mahali pake.

Mtu alibisha.

“Hodi.”

Sesilia hakujibu. Aliyekaa kwenye mkeka aliacha kutafuna, akainua uso.

“Hodi humo! Mie Albano. Nimekitupa, Sese, miguu imeniisha, nifungulie.” Kitasa kilitikiswa, kisha kikaachwa, na kwenye ufa wa mlango jicho likang’aa kwa mwanga wa koroboi. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka, kama ya mtu asiyetaka kumwamsha mnyama.

“Sese. Huyo anayekula na wewe ni nani?”