Panya Hasikii Jina Lake

Masika ya mwaka ule yalianza kwa nguvu. Mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Bonde la Jangwani lilijaa maji. Katika Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, maji hayakufika. Lakini kitu kingine kilifika.

Klara alikuwa wa kwanza kukiona. Klara alikuwa fundi wa kushona nguo. Yeye na mumewe, Pantaleo, walitoka Masasi. Walipanga chumba kimoja katika nyumba ya Bi Sabaha. Kila asubuhi Klara aliweka cherehani yake ukumbini, karibu na mlango wa mbele, mahali penye mwanga. Binti yao, Blandina, alikuwa na umri wa miaka tisa. Akiwa likizoni, kazi yake ilikuwa kuokota pini zilizoanguka sakafuni.

"Mama, zimefika ngapi?" Blandina aliuliza.

"Ishirini na sita. Bado nne."

Zilikuwa sare za shule. Kitambaa kilikuwa adimu mwaka ule. Ushirika wa akina mama wa mtaa ulikuwa umepata kitambaa cha kutosha sare thelathini tu, za watoto thelathini. Klara ndiye aliyeaminiwa kuzishona zote. Mwenyekiti wa ushirika alimwambia, "Mama Blandina, kitambaa ni hiki tu. Kikiharibika, hakuna kingine. Watoto watakwenda shule na nguo za nyumbani."

Kwa hiyo Klara alikuwa mwangalifu sana. Kila sare iliyokwisha aliitia wanga wa muhogo, akaipiga pasi, akaikunja. Kisha aliiweka ndani ya kapu kubwa chini ya kitanda. Sare zilinyooka kama karatasi mpya.

Ijumaa asubuhi alivuta kapu ili aongeze sare moja. Zilikuwa zimebaki siku kumi shule ifunguliwe. Aliinua gauni la kwanza. Kola ilikuwa na tundu. Aliinua gauni la pili. Mkono mmoja ulikuwa umetafunwa. Chini ya kapu aliona vinyesi vidogo vyeusi.

"Baba Blandina!" alipiga kelele. "Pan..."

Pantaleo aliruka kutoka kitandani akamziba mdomo.

"Usimtaje!" alinong'ona. "Akisikia, ataleta ukoo mzima."

Klara aliteremsha sauti. "Basi, mgeni. Mgeni amekula sare mbili."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya nyumba ile. Hakuna aliyetamka neno panya. Walimwita mgeni. Bi Sabaha, mwenye nyumba, ndiye aliyewafundisha wapangaji wake wote. "Ukisema kwamba unatega," alikuwa akiwaambia, "yeye yuko juu ya kenchi za paa anakusikiliza. Mtego wako hataugusa." Na kweli, mara nyingi ilitokea hivyo. Mtu alitega, akamwambia jirani, na siku mbili tatu mtego ukakaa bure. Basi kila mmoja alijifunza kunyamaza.

Pantaleo alinyamaza. Siku ile ile, akitoka kazini, alipita sokoni akanunua dawa ya panya kwa mchuuzi. Ilikuwa unga mweusi uliofungwa katika kipande cha gazeti. Alipofika nyumbani aliuchanganya na dagaa, akauweka nyuma ya mlango wa chumba. Hata mkewe hakumwambia.

Kisha akatoka kwenda kuoga, miguu mitupu, taulo begani. Hatua ya tatu ukumbini, kitu kililia: paa!

"Mama yangu! Kidole! Kidole changu!"

Mlango wa chumba cha pili ulifunguka. Alitoka Elisaria, kijana wa Kilimanjaro aliyekuwa akiuza maharage kwa jumla. Alishika kichwa.

"Pole, kaka! Pole sana! Nilimtegea yule mgeni."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Angesikia!"

"Yeye amesikia!" alisema Pantaleo, akirukaruka kwa mguu mmoja. "Ni mimi ambaye sikusikia!"

Bi Sabaha alichungulia kutoka uani, mwiko wa vitumbua mkononi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini yeye naye alikuwa na siri yake. Asubuhi ile alikuwa ameazima paka mwekundu kutoka kwa kaka yake wa Magomeni. Alikuwa amemfungia jikoni, na alikuwa hajamwambia mtu.

Jumamosi asubuhi paka alitoka jikoni. Blandina alimwona ukumbini, akafurahi. Alitafuta kitu cha kumpa. Nyuma ya mlango wao aliona dagaa. Alichukua mmoja kwa vidole vyake, akampelekea.

Baada ya muda mfupi paka alianza kutapika. Alitapika ukumbini, akatapika uani, kisha akalala ubavu chini ya kamba ya nguo.

"Nani amempa sumu paka wa watu?" Bi Sabaha alipaza sauti. "Kaka yangu nitamwambia nini?"

"Mimi nilimpa dagaa," Blandina alisema kwa woga. "Walikuwa nyuma ya mlango."

Pantaleo alimtazama binti yake. Aliitazama mikono yake midogo.

"Umejilamba vidole? Blandina, sema kweli. Umejilamba vidole?"

"Sijajilamba, Baba."

"Ni mimi," Pantaleo alisema. "Mimi ndiye niliyeweka dawa ya panya."

Neno lilikuwa limetamkwa. Elisaria alitazama juu kwenye kenchi. Lakini Klara hakujali. Alimwosha mtoto mikono kwa sabuni mara tatu, akafagia dagaa wote kwa kipande cha karatasi, akamkimbiza Blandina zahanati. Alichukua pia lile gazeti lililofungia dawa.

Mganga wa zahanati alimchunguza mtoto, akamweka pale mpaka saa saba mchana. "Ni mzima," alisema. "Una bahati, mama. Umefanya vizuri kumleta upesi, na kuleta karatasi hii. Lakini sitaki mgonjwa mwingine atoke katika nyumba yenu. Nitamtuma Bwana Afya aje aikague."

Bwana Afya alikuwa mwanamke. Jina lake lilikuwa Evarista. Watu walikuwa wamezoea kusema Bwana Afya, basi naye waliendelea kumwita Bwana Afya Evarista, na yeye aliitika. Alikuja alasiri kwa baiskeli, mkoba mgongoni.

"Hodi! Shikamoo, Bi Sabaha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu umwone mgonjwa wetu." Alimwonyesha paka. Paka alikuwa ameinua kichwa na kuanza kunywa maji.

"Huyu atapona. Ametapika sumu mapema," alisema Evarista. "Sasa nielezeni. Tatizo ni panya?"

"Polepole!" Bi Sabaha alinong'ona. "Sema mgeni."

Evarista hakucheka. Alikaa juu ya kigoda, wakamweleza yote: mtego, sumu, paka, na ile desturi yao. "Bi Sabaha, mnasema panya akisikia habari za mtego, haugusi. Kwa siku ngapi?"

"Mbili. Tatu. Wakati mwingine nne."

"Mnaona sawasawa, lakini sababu ni nyingine. Panya anaogopa kitu kigeni. Jana hapakuwa na mtego, leo upo. Anaupita mbali, siku mbili tatu, mpaka auzoee. Hajui mmesema nini. Ukitega bila kusema, bado hataugusa."

"Kumbe!" alisema Elisaria. "Sasa tufanyeje?"

"Wekeni mtego pembeni mwa ukuta, maana panya hupenda kupita kando ya ukuta. Tieni karanga za kukaanga. Lakini msiutege kwanza. Aje ale bure siku tatu. Siku ya nne utegeni kweli."

"Yaani tumkaribishe chakula?" aliuliza Bi Sabaha.

"Si mlisema ni mgeni?"

Wote walicheka. Hata Pantaleo alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Evarista aliomba kuitazama nyumba. Aliinua uso. Kuta za vyumba hazikufika kwenye paa. "Tazameni," alisema. "Huku juu nyumba hii ni chumba kimoja. Ukimfukuza panya kwa Klara, anapita juu ya ukuta kwenda kwa Elisaria. Mmoja anatega, mmoja anatia sumu, mmoja analeta paka, na hakuna anayemwambia mwenzake. Panya hakusikia siri zenu. Ni ninyi ambao hamkusikilizana."

Kisha akauliza, "Anakula nini humu?"

Waliona aibu kidogo walipozunguka naye. Chini ya kitanda cha Elisaria yalikuwapo magunia mawili ya maharage, moja limetoboka. Uani Bi Sabaha alikuwa amerundika machicha ya nazi, na mchele uliolowekwa kwa ajili ya vitumbua ulikuwa wazi. Klara alifurahi kwamba chumbani mwake hamkuwa na chakula.

"Mimi sina chakula chini ya kitanda," alisema. "Mbona alikula sare zangu?"

Evarista alinusa kola iliyotobolewa. "Umetia wanga wa muhogo?"

"Ndiyo."

"Basi umempikia, dada. Kwake yeye hii si kola. Hiki ni chakula kilichokauka."

Klara aliketi juu ya kitanda. "Sare ishirini na nne ziko ndani ya kapu hilo," alisema. "Kitambaa kingine hakuna. Siku nne za kumzoesha panya ni nyingi. Atazimaliza!"

Evarista alimgeukia Pantaleo. "Kaka, unafanya kazi wapi?"

"Bandarini. Mimi ni mpakuaji."

"Meli ikifunga gati, kamba zake huvishwa nini?"

"Kisahani kikubwa cha bati. Kama sinia. Kinazuia..." Pantaleo alijipiga paji la uso. "Kinazuia panya wasipite kwenye kamba! Kila siku ninavipita vile visahani. Kila siku! Na nyumbani sijawahi kufikiri!"

Hakungoja kuambiwa zaidi. Aliomba debe bovu kwa Bi Sabaha. Alikata bati duara pana kama sinia la pilau, akaligonga kingo zisimkate mtu. Alitoboa tundu katikati, akapitisha kamba, akapiga fundo ili bati lisiteleze. Kisha alifunga kamba kwenye boriti, mbali na kuta. Klara alifua wanga kutoka katika sare zote, akazianika ukumbini. Zilipokauka, alizifunga katika shuka safi, wakazining'iniza chini ya lile bati.

"Pasi na wanga utatia siku ya kuzipeleka," alisema Evarista.

Jumapili hakuna aliyepumzika. Elisaria aliyapandisha magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, akalishona lile lililotoboka. Bi Sabaha alifunika mchele wake kwa sufuria na jiwe juu yake, na machicha akayafukia katika shimo. Pantaleo alijaza matundu ya ukuta kwa vipande vya chupa na saruji. Walifagia chini ya kila kitanda. Taka zote zilitiwa katika debe lenye kifuniko.

Siku tatu mitego sita waliyonunua kwa kuchangiana ilikaa na karanga bila kutegwa. Kila asubuhi karanga hazikuwapo. Bi Sabaha aliguna, "Wananenepa kwa karanga zangu." Jumatano jioni walitega. Alhamisi asubuhi panya wanne walikuwa wamenaswa. Ijumaa, watatu. Pantaleo hakuwagusa kwa mkono. Aliwabeba kwa koleo, akawafukia kwa kina nyuma ya choo, akanawa kwa sabuni. Jumamosi karanga zilikuwa pale pale. Paka mwekundu alirudishwa Magomeni akiwa mzima, na Bi Sabaha alimweleza kaka yake habari yote bila kuficha.

Jumapili Klara alifungua shuka. Alikagua gauni moja moja, kola kwa kola, mkono kwa mkono. Hapakuwa na tundu jipya hata moja. Zile nne zilizokuwa zimebaki alikuwa amekwisha kuzishona, na kwa mabaki ya kitambaa alikuwa ameshona kola nyingine na mkono mwingine kwa zile sare mbili zilizotafunwa. Thelathini zilitimia. Alizitia wanga, akazipiga pasi, akazipeleka.

Jumatatu asubuhi watoto walipita Mtaa wa Narung'ombe kwenda shule. Klara alisimama barazani akawahesabu. Bi Sabaha alikuwa kando yake, akimwuzia kitumbua Mzee Kitwana wa nyumba ya ng'ambo.

"Nyumba yenu imetulia," Mzee Kitwana alinong'ona. "Kwangu wageni wamezidi. Mmefanyaje?"

"Tumetega panya!" Bi Sabaha alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa mtaa. "Panya! Wakikimbia kwangu wanakuja kwako, na wakikimbia kwako watarudi kwangu. Ni lazima tutege pamoja, kwa karanga za kukaanga."

"Taratibu, Bi Sabaha! Atasikia!"

"Yeye hasikii. Ninayetaka asikie ni wewe."

Mzee Kitwana alitafuna kitumbua chake. Aliwatazama watoto na sare zao. Aliligeukia paa la nyumba yake, akavuta pumzi, akasema kwa nguvu, "Panya!"

Alisubiri. Hakuna kilichotokea. Watoto wawili tu ndio waliogeuka, wakacheka.

"Haya," alisema. "Nipe na karanga za kukaanga."