Taa Nyekundu Chini ya Plasta

Soko la Migori siku ya Jumatatu halina adabu. Usipomkanyaga mtu, utakanyagwa wewe. Bhoke alikuwa amejipenyeza hadi kwenye meza ya mama Terry, muuza dagaa wa omena, akiwa na sketi yake ya kijivu ya kazini na viatu vya visigino ambavyo havikuwa vya sokoni. Alikuwa ameshapimiwa kopo moja la gorogoro na sasa ameshika la pili, la mwisho. Mkono mwingine, mrefu, wenye saa kubwa, ukalishika upande wa pili.

"Dada, kwani unalisha paka ngapi?" mwenye mkono akauliza.

"Na wewe umehesabia nini kikapu changu?"

"Nimehesabu juu nimekosa."

Mama Terry, ambaye jina lake ni Pauline, akacheka na kuwagawia nusu kwa nusu. Akamwambia kijana kwamba huyu ni Bhoke wa ofisi ya chama cha wachimbaji, mteja wake wa kila wiki, hana mume wala paka. Bhoke aliona haya, lakini macho hayakumsaidia kuficha kitu. Kijana alikuwa mweusi wa kung'aa, shati jeupe limenyooshwa vizuri, na tabasamu la mtu aliyelala usingizi wake wote. Aliitwa Byron, anafanya kazi Homa Bay, kwao Magunga.

Alipotaja kilichomleta mjini, raha ya Bhoke ikakatika. Alikuja kuunganisha simu za ofisi yao na seva ya barua pepe iliyo makao makuu, Homa Bay. Mtu akipiga akose wa kupokea, sauti yake itarekodiwa na kuingia kwenye barua pepe. Hata jumbe za zamani zilizolala kwenye mashine zitahamishwa, akasema, hakuna itakayopotea.

Nyuma ya meza, Zablon, mume wa Pauline, alikuwa akifunga omena kwenye karatasi. Mguu mmoja wa suruali yake ulikuwa umekunjwa na kushonwa juu ya goti. Bhoke aliuangalia, akaondoka bila kuchukua chenji.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri hii Bhoke aliijua peke yake. Miaka miwili nyuma, alipopewa kiti cha mapokezi, alipoteza karatasi yenye nambari ya siri ya kufungulia jumbe. Akabahatisha mara tatu, mashine ikajifunga. Angesema siku ile ingekuwa kosa dogo la siku moja. Lakini aliogopa kuonekana hajui kazi, na kila katibu wa chama, Mzee Mayaka, alipopiga kutoka Homa Bay kuuliza kama kuna ujumbe, alijibu hakuna. Taa nyekundu ya simu iliwaka na kuzima mchana kutwa kumsuta, mpaka akaibandika plasta ya kidonda.

Kisha shimo moja la dhahabu upande wa Osiri likaporomoka na kuusaga mguu wa Zablon hadi ukakatwa. Kwenye mchango wa hospitali, Pauline alisema mbele ya watu kwamba siku tatu kabla alikuwa amepiga ofisini na kuiambia ile mashine kwamba shimo lina hatari. Tangu hapo Bhoke hakulala vizuri, na tangu hapo alianza kununua omena kwa Pauline.

Byron alifanya kazi ofisini siku nne. Alimletea chai ya maziwa, akamwita nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, akamuuliza kama ni kweli kwao Kegonga binti hatoki bila ng'ombe kujaa boma. Bhoke alicheka na kumpenda, na kadiri alivyompenda ndivyo alivyomwogopa. Siku ya nne akamwona akibandua plasta. Taa ikawaka.

"Ziko sitini na tatu," Byron alisema polepole. "Hakuna hata moja imesikilizwa."

Bhoke akafunga mlango na kumwambia yote, machozi yakimtoka. Akamsihi azifute.

"Sitafuta, Bhoke. Lakini pia sitazisikiliza. Watu waliongea na wewe."

"Basi umenimaliza."

Byron alirudi Homa Bay kwenda kuiwasha seva. Siku mbili simu yake haikupatikana. Bhoke akasikia ameonekana akitoka ofisini kwa Mzee Mayaka, na moyo ukamwambia lile aliloliogopa. Akilini alimwona Pauline akiambiwa, akajiona akipita sokoni huku watu wakimnyooshea vidole. Akamwandikia Byron: usinipigie tena. Akaanza kupanga nguo zake ili akajifiche Kegonga kwa baba yake.

Jumatatu saa mbili asubuhi, barua pepe zikaanza kuingia kwenye kompyuta yake. Moja, tano, kumi, mpaka sitini na tatu. Baada ya hizo ikaja ya Byron. Alikuwa Magunga, mtandao ni wa kubahatisha. Byron alimwambia Katibu kitu kimoja tu, kwamba sanduku la jumbe lilikuwa limejifunga na sasa limefunguka. Jumbe zimekuja kwa Bhoke pekee. Yaliyomo atayasema yeye mwenyewe. Akitaka mtu wa kukaa naye akisikiliza, apige.

Alipiga akijua hastahili. Kabla ya saa sita Byron alikuwa mlangoni, vumbi hadi kwenye nyusi. Wakakaa bega kwa bega na kusikiliza, wakiandika kila jina. Ujumbe wa arobaini na moja ulikuwa wa Pauline.

"Hapa ni Pauline, mama Terry. Zile mbao za shimo zinalia. Zablon anasema ni kawaida, lakini mimi naogopa. Tumeni mkaguzi, tafadhali."

Bhoke akaliandika jina hilo. Byron alimshika mkono, hakumwambia si kosa lake. Wakamaliza zote. Kisha Bhoke akamtumia Mzee Mayaka rekodi zote pamoja na kosa lake, kwa maneno yake, akavua viatu vya visigino, akavaa ndala, wakaenda sokoni.

Pauline aliisikiliza sauti yake kwenye simu ya Bhoke hadi mwisho. Bhoke alisubiri kutukanwa.

"Mtu mmoja hamalizi gorogoro mbili kila wiki, nyathina, mwanangu," Pauline alisema. "Nilijua umebeba kitu. Nilikuwa nangoja ukitue mwenyewe."

Zablon aliweka chini karatasi zake. "Mguu haurudi. Lakini leo kuna watu wako chini kwa hayo mashimo mengine. Hizo sauti zingine mmesikia zote?"

"Zote," Bhoke alijibu. "Mbili zinataja shimo lingine. Nimempigia mkaguzi, ameshatoka."

Zablon akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kufunga omena. Msamaha hakuutamka, na Bhoke hakuuomba kwa nguvu.

Alipewa barua ya onyo na akaachiwa kiti chake. Wiki tatu baadaye simu ya mezani ililia, akaipokea kabla haijalia mara ya pili. Siku hizi ndivyo alivyo.

"Nilidhani nitaacha ujumbe," Byron alisema.

"Usiache. Sema, nasikia."

"Nimemwomba mama Terry awe jagam, mshenga wangu, anipeleke Kegonga, anisemee kwa mzee wako. Amekubali, lakini ameweka sharti."

Woga wa zamani ukamrudia Bhoke. "Sharti gani?"

"Uanze kununua gorogoro moja kama watu wengine."

Bhoke akaitazama simu yake. Taa ilikuwa imezima, yenyewe, bila plasta.

"Mwambie zibaki mbili," alisema. "Sasa tutakuwa wawili."