Dagaa Chini ya Kitanda

Kila asubuhi Yunisi alifagia uwanja wa nyumba yao mtaani Buzebazeba, akachota maji, kisha akamwogesha mdogo wake Bariki, aliyekuwa na miaka minne na aliyechukia sabuni kuliko kitu chochote. Jumamosi ile alifanya kazi hizo mbio mbio. Baba yake, fundi Feliksi, alikuwa ametengeneza injini ya boti ya kambi ndogo ya watalii iliyo kando ya ziwa, jirani na hifadhi ya sokwe. Meneja wa kambi, Bi. Veneranda, akaialika familia nzima ilale huko siku mbili kama wageni.

Bibi yake wa Ujiji alipopata habari, alikuja na mfuko wa dagaa waliokaangwa kwa mawese. Alisema hotelini watu hupewa chakula cha kuonja tu, na mjukuu wake hatalala njaa ugenini. Katika familia ile chakula cha bibi hakikataliwi wala hakitupwi. Yunisi akautia mfuko kwenye begi lake.

Kambi ilikuwa na mahema matano makubwa yenye vitanda na mashuka meupe. Castory, mhudumu wa mahema, aliwapokea wageni wote kwa juisi ya matunda, kisha akawapa sharti moja. Chakula hakiingii hemani, hata pipi. Kila kitu cha kuliwa kinakabidhiwa jikoni, kwenye sanduku la chuma, kwa sababu nyani wa pale wana pua kali na hawaogopi watu. Mgeni mmoja wa kizungu akatoa biskuti zake. Castory akamgeukia Yunisi.

"Na wewe, binti, una chochote?"

Yunisi alifikiria wageni wale wakinusa dagaa wa bibi, akaona haya. "Sina, mjomba," akajibu. Walipoingia hemani, aliusukuma mfuko chini ya kitanda. Sitamtetea hapa, maana aliulizwa kwa upole na akadanganya bila kupepesa macho.

Siku ya pili mchana Bariki alilala hemani. Baba na mama yao, Melania, walikuwa wakitembea ufukweni. Yunisi aliketi kibarazani akimlinda mdogo wake, na Castory alikuwa akifagia majani hatua chache kutoka pale. Mara turubai la nyuma likachanika kwa kishindo. Bariki akapiga ukelele.

Castory alifungua zipu na kuingia na ufagio wake mkononi. Nyani dume mkubwa alikuwa amekipindua kitanda, na Bariki alikuwa ameangukia upande uleule aliokuwa nyani. Castory alimpiga nyani mgongoni kwa mpini, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu mpini ukavunjika. Nyani akamrukia, akamng'ata mkono chini ya kiwiko na kuutikisa mpaka damu ikaruka kwenye shuka. Castory alimpiga ngumi ya pua. Nyani akamwachia, akamparura usoni, akamtupa kwenye nguzo ya hema. Katika purukushani hiyo akamkanyaga Bariki na kumchana muundi kwa kucha. Castory akajitupa juu ya mtoto, akamfunika kwa mwili wake, na nyani akamng'ata tena, begani.

Yunisi alisimama mlangoni akiona yote. Alijua nyani anatafuta nini, lakini kinywa hakikufunguka. Nyani aliupata mfuko mwenyewe, akaukwapua na kutokea pale alipochana. Alikimbilia msituni akichechemea, na hakuna mwingine aliyeona alichobeba.

Baba alifika akihema. Aliona damu, akamwona mwanawe chini, akadhani mhudumu ndiye wa kulaumiwa, akamkaba Castory shati na kumpiga makofi mawili ya nguvu. Castory hakurudisha. Bi. Veneranda naye alikuja akiwaka. Alisema nyani hachani hema bila kunusa chakula, na aliyesafisha hema asubuhi ni Castory, kwa hiyo yeye ndiye aliyeacha makombo. Castory alikana. Bi. Veneranda akamwambia akishatibiwa afungashe vitu vyake aende kwao Kidahwe.

Castory hakubishana zaidi. Alimbeba Bariki kwa mkono mzima hadi bombani, akaanza kuliosha jeraha la mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka, huku damu yake mwenyewe ikidondoka kwenye saruji. Mama alipomsihi aoshe la kwake kwanza, alisema mtoto atangulie. Yunisi aliposikia hivyo, aliumia moyo kuliko kama angechapwa.

"Si yeye," akasema huku akilia. "Ni mimi. Nilificha dagaa wa bibi chini ya kitanda."

Baba aliitazama mikono yake iliyompiga mtu asiye na kosa, kisha akamshika Castory bega lisilojeruhiwa na kumwomba radhi mbele ya kila mtu. Bi. Veneranda alifuta maneno yake na kusema hakuna atakayefungasha. Majeraha yote yakaoshwa robo saa nzima, ndipo wakapanda boti kwenda hospitalini mjini, wakachomwe sindano za pepopunda na za kichaa cha mbwa. Bariki alikuwa na mchubuko usiohitaji kushonwa. Mkono wa Castory ulihitaji nyuzi nyingi, na vidole viwili vilikuwa havikunjiki.

Ndani ya boti Yunisi alimsogelea, akapiga magoti na kuomba msamaha. Castory alimwinua kwa mkono mzima.

"Nimekusamehe, binti. Lakini nisikilize," akasema. "Mimi nilidhani yule nyani anamtaka mtoto, ndiyo maana nikapigana naye. Ungeniambia neno moja tu, hata pale mlangoni, ningeutupa mfuko nje naye angeufuata. Mtu aliyedanganya jana bado anaweza kusema kweli leo. Usingoje mpaka mwenzako atoke damu."

Yunisi aliitikia kwa kichwa. Akaushika ule mkono uliofungwa kitambaa, akauinua juu kama mama alivyomwelekeza ili damu ipungue, na hakuuachia mpaka boti ilipofika mjini, kwenye gati la Kibirizi.